Ubao Uliopewa Kadi ya Buluu

Jumamosi ya kwanza ya msimu, Darlene Kubiak aliingia ukumbini mjini Lorain na bakuli la pierogi, vitumbua vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, kwa ajili ya wachezaji, akaketi kwenye kibanda cha adhabu. Kazi yake ilikuwa kumfungulia mlango mchezaji aliyepewa kadi ya buluu, na kumtoa dakika mbili zikiisha. Chini ya zulia la nyasi bandia kulikuwa na barafu inayotumiwa na wacheza magongo siku nyingine, kwa hiyo alivaa soksi juu ya soksi.

Mumewe, Lonnie, alikuwa winga wa kushoto mpaka msimu uliopita, alipogonga kichwa kwenye bolti iliyochomoza katika ubao mmoja wa ukuta wa uwanja, akafa. Mwenye timu, Bwana Garrity, alisema ni papara za marehemu. Darlene alikuwa amechoshwa na rambirambi. Alitaka ubao ule ubadilishwe, na Garrity akiri kwamba bolti ndiyo iliyomuua.

Katika mpira wa ndani ukuta nao unachezewa, mpira ukiugonga hurudi uwanjani. Teo Barragán, winga mpya, akaupiga kwenye ubao ule wa bolti. Mpira haukurudi ulikopaswa. Ulikata kona, ukampita beki, ukamfuata Teo hadi mbele ya lango, naye akafunga.

"Huyo Lonnie," kipa alisema, akikaza glavu. "Pasi yake naijua."

"Basi nitakuwa nampigia yeye tu," Teo akasema.

Kufikia Krismasi walikuwa wanaongoza ligi na ukumbi ulikuwa haupitiki. Darlene alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Alikuwa na furaha, na wala hakuionea haya. Timu nyingine zilipolalamika, ligi iliusajili ubao, ukabandikwa jezi namba saba. Pasi zake za magoli zikahesabiwa kama za mtu yeyote.

"Bwana Garrity, ile bolti bado imetoka," Darlene alimwambia mlangoni. "Teo keshachanika bega."

"Mama, huo ubao ndiye mchezaji wangu bora. Unataka nimng'oe?"

"Nataka useme kilichomuua Lonnie."

"Tuchukue kombe kwanza."

Fainali ilikuwa dhidi ya Toledo. Sare, dakika za mwisho, watu wamesimama juu ya viti, sauti zimewakauka. Hapo mshambuliaji wa Toledo akaupiga mpira kwenye ubao, na ubao ukaung'ang'ania. Refa alisubiri, akapuliza filimbi, akauonyesha kadi ya buluu. Mafundi wakaufungua ubao, wakaubeba hadi kibandani na kuuegemeza kando ya Darlene. Pengo lililobaki likazibwa na mashabiki wanne, bega kwa bega.

Darlene akafunga mlango.

"Wewe na hasira zako," aliuambia. "Fainali nzima, unashika mpira?"

Ubao ulikuwa na joto. Ukumbi uliponguruma, ubao ulitetemeka, kama goti la Lonnie chini ya meza ya chakula. Darlene aliishika bolti kwa mikono miwili na kuizungusha kwa nguvu zake zote. Ilikuwa imeshikana kwa kutu. Akaegemeza shavu kwenye ubao, akalia kidogo, kwa raha ya kukaa naye.

Dakika mbili zikaisha. Hakufungua.

"Shemeji," Teo aliita akiwa nje, akihema. "Tunamhitaji."

"Na kichwa chako?"

"Nitainama."

"Lonnie naye aliinama."

"Shemeji, nakuomba."

Mashabiki wote walikuwa wanaliita jina la mumewe. Miezi yote ile, hakuna aliyekuwa amelitaja kwa sauti kubwa hivyo. Darlene akafungua.

Ubao ulirudishwa mahali pake. Teo akaupiga mpira pale bila hata kutazama, akakimbia, akainama, akaukuta mpira unamngoja kwenye nguzo ya mbali. Goli. Watu wasiojuana walikumbatiana, refa akachukuliwa kofia, na Darlene akajikuta amepanda juu ya benchi anapiga kelele na wenzake.

Garrity aliinua kombe na kutangaza kwamba ubao ule hautaguswa kamwe, hata msumari mmoja. Alishangiliwa kuliko wachezaji.

Msimu uliofuata tiketi ziliisha mapema. Ubao ulikuwa umepigwa rangi mpya, na bolti nayo ilikuwa imepakwa rangi. Teo alifika na kofia ngumu aliyojinunulia mwenyewe. Darlene alimkaza mkanda wa kidevuni, akahakikisha haulegei, kisha akaenda kukaa kwenye kibanda chake.