Jina la Baba Dorine

Kitendawili! Sema tega. Nikikifungia mdomoni, mtu yuko hai. Nikikitoa, mtu amekufa. Ni nini hicho? Haya, fikiria polepole, chai bado haijachemka.

Kule Litein, Rodah aliweka sufuria motoni kila asubuhi, maziwa ya ng'ombe wake na majani aliyoyakausha mwenyewe kutoka shamba lao, na mvuke ukapanda ukiwa umeandikwa. Juu kichwa cha habari, chini safu mbili, vile mumewe alivyokuwa akizipanga. Majirani walikuja na vikombe vyao. Ilibidi usome haraka kabla mvuke haujafika kwenye mabati. Aliyechelewa alisoma masizi.

Mumewe, Gibson Kipkoech, ndiye aliyeanzisha gazeti la kwanza la lugha ya Kipsigis pale sokoni. Aliandika jinsi kampuni ya ng'ambo ya mto ilivyoleta mashine za kuchuma chai na kufukuza wachumaji. Kisha akawaongoza wachumaji hao barabarani, yeye mbele, kikapu kitupu mgongoni. Jioni hiyo wanaume wasiojulikana walimwingiza kwenye gari, Probox isiyo na namba. Mwaka ukaisha. Kila ofisi ilimwambia Rodah arudi Jumatatu. Gazeti tu, lile la mvuke, ndilo halikukosa kutoka.

Chifu alikuja pia. Alisoma habari zake mwenyewe juu ya sufuria, akaomba sukari kidogo, akaenda zake.

"Mama Dorine," Bochaberi wa duka la jirani alizoea kutania, "leo tena hakuna mpira? Bwana yako ananinyima michezo hata huko aliko!"

"Ngoja nichemshe ingine, labda iko ukurasa wa nyuma."

Walicheka. Watu wakishatoka, Rodah aliuliza mvuke, "Baba Dorine, uko wapi?" Mvuke ukamweleza bei ya mbolea.

Kisha binti yake Dorine, ambaye alikuwa bado hapo nyumbani, akajifungua kijana, na mtoto akakataa titi. Kwetu hiyo ni kusema anangoja jina. Akina mama wazee huita majina ya watu wa ukoo waliokufa, mmoja mmoja, huku ugoro kidogo ukiwa karibu na pua ya mtoto. Akipiga chafya kwa jina fulani, basi huyo ndiye amerudi. Aliye hai haitwi.

Bibi Chepkosgei, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, mama mzazi wa mumewe Rodah, alimpakata mtoto. Akaita babu, akaita ndugu za babu, akaita hata yule mjomba aliyekuwa mwizi wa mbuzi.

"Huyo usirudie, Kogo," Dorine akasema. "Asije akaitika."

Bochaberi akapiga chafya. Kogo mwenyewe akapiga chafya. Mtoto aliwatazama tu, midomo imekauka.

Kogo akafuta pua kwa leso. "Rodah, tumemwacha nani?"

Rodah akaenda kuangalia sufuria. Siku hiyo mvuke ulipanda bila herufi hata moja. Katikati kulikuwa na mstari mweusi uliozunguka nafasi tupu, pale pale mumewe alipokuwa akiweka tangazo la kifo. Rodah akaupepea kwa kifuniko. Ukarudi vile vile. Bochaberi aliuona, akaweka kikombe chini. Ng'ambo ya mto mashine zilikuwa zinanguruma, zinachuma.

"Mimi nilimzaa, siwezi kuanza," Kogo akasema bila kuinua macho. "Nakuuliza tena, mtoto wangu. Tumemwacha nani?"

Mtoto alilia, lakini sauti haikutoka. Rodah akafunika sufuria. Akaketi kando ya Kogo, akachukua ugoro kwa vidole viwili, akausogeza kwenye pua ya mjukuu wake. Kwa mwaka mzima alikuwa amesema Baba Dorine, Baba Dorine, na lile jina lenyewe amelifungia mdomoni.

"Kipkoech," akasema. "Mwite Kipkoech."