Apareyi ya Mama Ruben

Pikipiki ilisimama mbele ya studio ya Mardochée, huko Ruashi, Lubumbashi, na Laurentine akashuka akiwa bado ameikumbatia mashini yake ya surfilage, ile inayofunga kingo za nguo zisifumuke. Mikono ilikuwa imekufa ganzi toka Kampemba. Dereva alinyoosha mkono amsaidie, akamkatalia. Hakuna mtu aliyewahi kumbebea mashini ile, na leo, siku ya kuiacha, ndiyo kabisa asingekubali.

"Eh, Mama Ruben! Kumbe ulisema kweli?" Mardochée alitoka akifuta mikono.

"Nionyeshe apareyi ya foto, yaya. Tutasalimiana kiisha."

Hakuwa na wakati wa salamu, na si utovu wa adabu; alimwita yaya, kaka mkubwa, kwa heshima. Jioni ile, saa kumi na mbili, akina mama wa familia ya Mama Ngalula wangechagua fundi wa kuwashonea sare za harusi. Kazi ile ingewalisha Laurentine na watoto wake hadi Pasaka. Nusu ya akina mama hao wako Mbuji-Mayi na Kolwezi, na dada yao mkubwa, mwenye kulipa, yuko Ubelgiji. Hawatakishika kitambaa kwa vidole. Wataona foto ndani ya WhatsApp, basi, na foto ndiyo itakayosema kama Laurentine anajua kushona.

Na foto zilikwisha kumwumbua mara moja. Mwaka jana telefone yake iliwaonyesha wanakwaya wa parokia rangi ya divai, wakapiga vigelegele. Nguo zilipofika, zikawa rangi ya matofali. Aibu ile! Walizirudisha zote, na msimamizi wa kwaya akamwita mwongo mbele za watu, mlangoni pa kanisa. Mwongo alikuwa telefone, lakini nani atasimama kuitukana telefone? Sasa Mama Ngalula alitaka kijani ya chupa, akaonya mapema: akionyeshwa rangi moja na kuletewa nyingine, asimtafute tena.

Mardochée aliweka apareyi mbili juu ya meza. Zamani watu walipanga mstari hapo kwa foto za komunyo na za ndoa. Siku hizi kila mtu ana studio mfukoni, na mke wa Mardochée aliamua kujifunza kushona. Ndiyo maana alikubali kubadilishana. Apareyi ya kwanza ilikuwa ndogo, rangi ya majivu, unaweza kuisukuma ndani ya sidiria kama mwanamke wa sokoni anavyoficha pesa zake. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito, na lensi mbele nene kama kikombe cha chai, na mkanda mpana wa kuvaa shingoni.

Laurentine alitoa gauni la mfano kwenye mfuko, akalitundika mlangoni penye mwanga. Alilipiga foto na telefone: bluu, kama kawaida yake. Apareyi ndogo: kijani, ndiyo, lakini kijani ya majani ya juzi, na mishono yote imemezwa. Halafu ile kubwa. Alitazama nyuma ya apareyi, kwenye kioo chake. Kijani ile ilikuwa kijani yake. Hata nyuzi za shingoni, alizozipitisha kwa mkono usiku kucha wakati kurani ya umeme haipo, zilionekana moja moja.

"Ile kadogo pia inatumika," Mardochée alisema. "Ii ya mukubwa, ukitembea nayo, bantu bote batakuona."

"Njo vile ninataka, yaya. Baone!"

Akavaa mkanda shingoni. Alipofika barabarani alisikia Mardochée akiburuta mashini kwenye saruji, akarudi mbio.

"Usiburute! Inabebwaka!"

Mardochée akaibeba. Laurentine akaondoka kabla hajaona inakowekwa.

Sasa, habari ya ukuta. Kwenye avenue ya Laurentine, huko Kampemba, nyumba zote ni za matofali, na malori yanayopita kutwa yamezipaka vumbi jekundu hadi madirishani. Ndani ya chumba chake mwenye nyumba alipaka kuta rangi ya samawati, na samawati hiyo inaingia ndani ya kila foto. Alijaribu shuka, upepo ukaichezea, vumbi likaikalia. Kitu cheupe ni kimoja tu avenue nzima, nacho ni ukuta wa depo ya kompani, ghala ambamo magunia ya madini hulala yakingoja safari. Kila kiangazi kinapoanza, kompani inapaka ukuta wake chokaa upya. Avenue yenyewe haijapewa hata fagio.

Juu ya ukuta huo kuna misumari miwili ya zamani. Laurentine hakujua ni ya nini. Kila gauni aliloliuza tangu anunue telefone lilipigwa foto likining'inia pale, na walinzi walimsalimia wakipita, wakamtania kwamba kompani ingemlipisha kodi. Nkandu, mlinzi wa geti, alikuwa jirani yake wa ua mmoja. Suruali zake za kazi ni Laurentine aliyezikunja pindo, bila kumwomba kitu.

Basi alitundika gauni kwenye msumari kwa mti wake mrefu, akarudi nyuma hatua chache, akainua apareyi. Jua lilikuwa limekaa vizuri. Alipiga moja, akaangalia, akacheka peke yake. Akapiga ya shingo, ya mkono, ya pindo. Alikuwa amepiga goti achukue pindo tena aliposikia miguu inakimbia.

"Mama Ruben! Ficha iyo kintu! Ficha!" Alikuwa Nkandu, kofia mkononi.

Afiche wapi? Apareyi ilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto. Na nyuma ya Nkandu alikuja mkuu wa ulinzi wa depo, mtu mfupi mwenye sweta joto lile lote, anatafuna kijiti.

"Weye ni journaliste, unaandikia nani?"

"Miye? Miye ni couturière, nashonaka, Shefu. Angaria kilamba yangu, iko pale ku musumari."

"Nani alikutuma?"

"Mama Ngalula."

"Iko mu ONG gani, mu shirika gani, uyu Mama Ngalula?"

"ONG ya nini? Anaolesha mutoto yake!"

Shefu alinyoosha mkono, akaushika mkanda, na Laurentine akalazimika kuinamisha kichwa ili upite. Alijisikia kama mbuzi anayefunguliwa kamba sokoni.

"Shefu, apa niko napigaka foto siku yote. Mumuulize Nkandu."

Nkandu aliangalia viatu vyake. "Na telefone, Shefu. Alikuwa anapigaka na telefone."

"Telefone ni ya bantu bote," Shefu alisema. "Ii ni apareyi. Ii inavuta mbali. Juzi bantu balikuya na kintu kama ii, bakapiga foto ya malori, bakaenda kuionyesha ku Ulaya. Na nani alibeba mateso? Miye." Akatema kijiti. "Na tena kuko panneau, kibao ku ukuta. Inasema foto ni interdit, bamekataza. Haujue kusoma?"

"Panneau iko wapi, Shefu?"

Shefu aligeuka kuionyesha. Kidole chake kilikwenda juu, kikakuta misumari miwili, na gauni la kijani kwenye mmojawapo.

"Nkandu. Panneau iko wapi?"

Hapo ndipo Laurentine alipoiona, si pale ukutani, bali kichwani mwake: bati jeupe la mraba, limelala juu ya banda la kuku la Nkandu, limekandamizwa na nusu tofali. Aliliona kila asubuhi akienda kuchota maji. Pembeni palikuwa na herufi nyekundu, kichwa chini, na hata siku moja hakuinama kuzisoma. Mama wee! Kumbe alikuwa anatundika nguo zake kwenye misumari ya katazo lenyewe.

Alifungua mdomo. Neno moja tu lingetosha. Nkandu alikuwa amemkazia macho, jasho linamtoka puani, na Laurentine alimfikiria mke wake, aliyempa makaa wiki ile ile bila kumuuliza atayarudisha lini. Akaufunga mdomo.

"Siyaonaka panneau, miye," alisema.

"Labda ni mupepo," Nkandu alisema.

Upepo! Hasira ilimpanda Laurentine hadi masikioni. Alitamani kumpiga kofi.

Shefu alikuwa ameshaanza kupitia foto, akibonyeza taratibu kwa kidole gumba. Aliangalia shingo, mkono, pindo. Uso wake ukalegea.

"Kilamba iko muzuri. Bibi yangu anapendaka ii rangi." Akashusha sauti. "Sikia, Mama. Apareyi itakaa ku biro. Utaleta papier ya ruhusa toka ku ville, kule mujini. Lakini ukimushonea bibi yangu moja kama ii, na surfilage ya muzuri ndani, tutaona."

Laurentine alicheka. Hakutaka kucheka, kilimtoka tu, kicheko kibaya.

"Mashini ya surfilage niliitoa leo asubui, Shefu. Nilipata iyo apareyi iko mu mukono yako."

Shefu alifikiri kidogo, kama mtu anayepiga hesabu.

"Bon. Basi papier."

"Ku biro gani? Na leo mangaribi niko na..."

"Utauliza. Leo bamefunga, na kesho ni samedi, hakuna kazi."

Geti la chuma likafunguka, likammeza yeye na apareyi, likafungwa. Nkandu aliingia wa mwisho, bila kugeuka.

Wanasema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui. Laurentine aliketi juu ya jiwe, gauni mapajani, na machozi yakamtoka ya hasira tupu. Mashini hana. Apareyi hana. Foto nzuri kuliko zote alizowahi kupiga zilikuwa hatua chache kutoka hapo, ndani ya droo ya mtu mwenye sweta. Telefone ikalia. Mama Ngalula: *Mama Ruben, tunangoja foto. Ule fundi wa ku ville alishatuma zake.*

Angeweza kudanganya. Ndani ya telefone kuna mahali pa kusukuma rangi, huku na huku, mpaka bluu ikaribie kijani. Alijaribu na foto ya asubuhi. Ikawa kijani ya kinywaji cha watoto. Aliifuta. Kuitwa mwongo mara ya pili, hapana.

Jua lilikuwa limeanza kushuka aliposikia nyundo. Nkandu alikuwa amesimama juu ya ngazi, anagongomea bati kwenye misumari ile ile. Alikuwa amelipangusa, lakini si vya kutosha. Mavi ya kuku yalikuwa bado kwenye kona. PHOTOS INTERDITES, kwa herufi nyekundu.

"Kuku batalala wapi?" Laurentine aliuliza.

"Na siye, mu nyumba." Alishuka. "Ungesema, Mama Ruben, sasa singekuwa na kazi. Aksanti."

"Aksanti haina rangi, Nkandu."

"Najua. Lakini ningefanya nini? Nina batoto."

"Na miye niko na nini, bambuzi?"

Nkandu alishika ngazi aiondoe. Laurentine aliinuka, akakung'uta gauni, akapanda ngazi mwenyewe kabla hajaiondoa. Alilitundika kwenye msumari wa kushoto, chini ya bati, akanyoosha mabega yake moja kwa moja chini ya zile herufi nyekundu. Akashuka, akatoa telefone.

"Mama Ruben, apana! Bataniua!"

"Kama hautaki kuona, geuka."

Nkandu aliangalia geti. Aliangalia gauni. Halafu aliivaa kofia yake vizuri, akaenda kusimama kati ya Laurentine na geti, akampa mgongo, miguu ameitanua, suruali yake ya kazi imekunjwa sawasawa chini.

Laurentine alipiga foto moja. Gauni lilitoka bluu. Juu yake maneno yalisomeka vizuri, na mavi ya kuku pia. Hakusukuma rangi popote. Akaandika:

*Mama Ngalula na bamama bote. Ii foto ni ya telefone, inasema bongo, inadanganya. Gauni ni kijani ya chupa. Foto ya kweli iko mu apareyi yangu, na apareyi bameifunga nyuma ya uyu ukuta munaona, sababu nilipiga foto ya gauni. Mukitaka rangi, mumutume muntu wa Lubumbashi aguse na mukono. Laurentine, fundi.*

Akaandika na jina la avenue, na namba ya nyumba. Akatuma.

Alama moja. Alama mbili. Zikawa bluu, hizo nazo. Juu ya kioo ikaonekana kwamba Mama Ngalula anaandika, halafu akaacha, halafu dada wa Ubelgiji akaanza kuandika, naye akaacha.

"Ulimaliza?" Nkandu aliuliza bila kugeuka. Nyuma ya geti mtu alikuwa anamwita.

"Bado," Laurentine alisema. Akaichukua foto ile ile, akaiweka pia kwenye status yake ya WhatsApp, mahali wanapoiona wateja wote, wanakwaya wa parokia, na kila aliyewahi kuihifadhi namba yake. "Baone."