Nyumba Isiyopewa Salamu

Mama alinipa nafasi moja tu. "Jumamosi nitaenda na wewe," alisema, akininyooshea mwiko. "Nikiona ni upuzi, hutakanyaga huko tena mpaka uolewe."

Huko ni stoo ya duka la Elmi, pale mtaa wa Wabera. Mwaka huo wa 1986 Elmi alikuwa ameleta televisheni na mashine ya vidio kutoka Nairobi, na kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri aliwaonyesha akina mama na watoto filamu za kutisha. Alikuwa akitundika mablanketi madirishani, akiwasha jenereta, nasi tukikaa juu ya magunia ya mchele. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na sikupenda kitu duniani kama kutishwa. Heri ninyimwe nyama kuliko vidio.

Basi njia nzima niliomba Mungu pasitokee watu wa kubusiana.

Hawakutokea. Walitokea Wazungu watatu, baba, mama na binti yao, wanahamia nyumba kubwa iliyokaa miaka bila watu. Baba akafungua mlango, wakaingia na masanduku yao.

"Ngoja," Mama akasema, sauti ikajaa stoo nzima. "Hawatoi salamu?"

"Mama, hao ni Wazungu."

"Hata kama! Nyumba tupu iko na wenyewe. Unaingia tu hivyo kama ng'ombe?"

Wanawake wakaguna kukubali. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama akishaanza kukosoa kitu huwa hakiponi, na nilikuwa namjua.

Halafu taa za ile nyumba zikazimika. Viti vikasogea vyenyewe. Chini ya ngazi ukachomoza mkono wenye kucha ndefu, na stoo nzima ikapiga mayowe. Nyaguthii, muuza mboga wa sokoni, alimkumbatia mtoto wa wenyewe. Mama alinikamata mkono mpaka damu ikasimama.

"Mimi nilisema!" alifoka. "Si nilisema?"

Sasa yule binti, Magreti, alikuwa ameshika mshumaa, anataka kushuka chini kabisa, kwenye chumba kilichochimbwa ardhini. Mama akasimama wima.

"Usishuke, wewe msichana! Dahabo, mwambie na Kiingereza!"

Nami, kwa akili zangu timamu, nikamwambia kwa Kiingereza, kwa nguvu zangu zote. Hakusikia. Alishuka. Mlango wa chini ukaanza kufunguka, na hapo hapo jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Picha ikawa nukta moja nyeupe, kisha hakuna kitu.

"Petroli imeisha," Elmi akasema. Akachukua mtungi, akatoka mbio, huku nyuma watu wakimtukana ukoo mzima.

Mama alitengeneza shungi lake. Nikajua ndiyo kwisha habari yangu, tunarudi nyumbani na vidio nimeiaga. Lakini hakwenda mlangoni. Alienda akasimama mbele ya televisheni, akatugeukia.

"Hadithi haiachwi njiani," alisema. "Itatufuata nyumbani. Sasa Magreti amefika chini. Mshumaa unatetemeka. Ile kitu iko kwa kona, inapumua."

Sauti hiyo nilizoea kuisikia ikifokea mbuzi na mimi. Siku hiyo ilishuka, ikawa ndogo, na watu wote wakainama kuifuata.

"Anataka kukimbia, miguu inakataa. Kisha anakumbuka neno la nyanya yake. Anasema, 'Asalaam aleikum.'"

Alitunyima neno mpaka jasho likanitoka.

"'Waleikum salaam,' hiyo kitu ikajibu. 'Miaka yote nakaa hapa, watu wananipita juu ya kichwa na viatu. Wewe ndio wa kwanza kunisalimia.' Ikalia. Magreti akapanda juu, akapika chai ya maziwa, akarudi nayo. Wakakunywa."

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilifika Leparua, nje kabisa ya mji. Nyaguthii alijipangusa macho kwa leso. "Maskini! Kumbe alikuwa tu mpweke!" Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nilitaka kila mtu ajue kwamba huyo ni mama yangu mimi, si wa mwingine.

Elmi akarudi na petroli, picha ikawaka. Mlango ukafunguka, Magreti akapiga mayowe, akatupa mshumaa, nyumba ikashika moto. Wazungu wakaingia kwenye gari lao, wakaenda zao. Basi.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Sasa wamechoma nyumba ya nini?" Nyaguthii aliuliza. "Na yule wa chini, hata chai hajapewa?"

"Wamekosea," Mama alisema, na wote wakamtazama Elmi kwa hasira, maskini, hajui amefanya nini.

Tulirudi jua likizama. Mama alitembea haraka, na sikuthubutu kumuuliza ameamua nini. Baba alikuwa malishoni Kulamawe na ng'ombe, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mtu. Mlangoni Mama akasita.

"Toa salamu," akaninong'oneza.

"Mama, wewe ndiye mkubwa."

"Nimesema toa!"

Nikasukuma mlango. "Asalaam aleikum!"

Ndani kitu kikaanguka, kwaang!

Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akikimbia. Alinipita kama upepo, ndara moja ikabaki uani, na nilimkuta barabarani ameshika mti kwa mikono miwili. Tulipogeuka, mtoto wa mbuzi wetu alikuwa amesimama mlangoni, anatafuna, sufuria ya ugali imelala nyuma yake.

Tulicheka mpaka tukaketi mavumbini, mama na mwana, wapita njia wakitushangaa. Kila tukinyamaza, mbuzi analia, tunaanza upya.

"Jumamosi," Mama akasema akihema, akinishika bega ili asimame, "tukae mbele."