Tangazo la Mzee Abdulrazak

Kazi yangu, ukiivua mapambo yake, ni kufundisha watoto kusoma matangazo. Mtaala unaiita uchambuzi wa lugha katika matini zisizo za kubuni. Mtihani wa kidato cha nne una swali lake, na wazazi wananiletea watoto wao kila jioni katika chumba cha juu pale Malindi, mjini Unguja, ili swali hilo lisiwapite. Hotuba, makala ya gazeti, onyo la kukatika maji, vyote tunavichambua kama mchele.

Uvivu siuwezi. Mtoto akiniandikia kwamba mwandishi "ametumia lugha nzuri", namrudishia karatasi yake. Nzuri kwa nani? Nionyeshe neno! Nina kanuni mbili, na kila anayepita mikononi mwangu anazo kichwani. Ya kwanza: usitazame aliyetajwa tu, mtazame na aliyeachwa. Ya pili: lisilokuwemo kwenye matini halina alama. Usinambie mwandishi alikuwa mgonjwa au ana roho nzuri, humjui. Ulichonacho ni maneno yake.

Matini ninayoipenda kuliko zote ni tangazo la kifo. Hapa Unguja redio ikianza kutangaza vifo, watu wananyamaza. Wanataka kujua nani kafa, anazikwa wapi, baada ya sala gani, na habari ziwafikie nani. Hapo mwisho ndipo masikio yanapotegwa zaidi. Aliyetajwa ni mfiwa, na mji mzima utamwendea. Asiyetajwa ni mpita njia.

Mwezi uliopita alifariki Mzee Abdulrazak wa Mpendae, baba wa mwanafunzi wangu Faiza. Tangazo nililisikia nikinywa chai, nikautambua mkono wa Faiza papo hapo. Sentensi ya kwanza ilibeba habari nzima, wala halikuwapo neno la kupoteza. Habari ziwafikie mkewe Bi Mwanakheri, wanawe, wakatajwa mmoja mmoja, dada yake Bi Mwanamwema, na jamaa wote wa Makunduchi. Nikasema moyoni, huyu kafundishwa akafundishika.

Nilipokwenda Mpendae kutoa mkono wa pole, nikamwambia hivyo hivyo. Mtoto kafiwa na baba, nami namsifu kwa insha! Aliinamisha uso, nikadhani ni huzuni tu.

Faiza aliporudi darasani, niliwataka wanafunzi waje mbele, kila mmoja na matini aliyoichagua mwenyewe. Zaheer alileta bango la duka la simu la mjomba wake, akatuchekesha. Kisha akainuka Shahida, msichana wa Bububu. Naye alikuwa amekosa masomo siku zile zile za msiba wa Faiza, na mimi sikumuuliza kwa nini. Daftarini ameandikwa Shahida Abdulrazak, lakini kina Abdulrazak katika mji huu hawana idadi. Yeye na Faiza hawakuwahi kukaa dawati moja wala kuamkiana. Nikayaona ni mambo ya mabanati, wasichana hawaishi kununiana, nikayaacha.

"Mie nna tangazo la kifo, Maalim," alisema. "Nlilinakili redioni."

Akalisoma. Lilikuwa la Mzee Abdulrazak. Mbele yangu Faiza alishika ukingo wa dawati kwa mikono miwili.

"Lengo la mwandishi ni kuarifu," Shahida aliendelea, sauti yake kavu kama mtu anayesoma bei za dukani. "Hadhira yake ni mji mzima. Anawataja wafiwa kwa majina, mpaka dada wa marehemu, mpaka jamaa wa shamba kule Makunduchi. Kwa hivyo nafasi anayo, na haraka hana. Sasa tumtazame aliyeachwa. Kaachwa mke wa pili, na mtoto wake."

Nami, kwa mazoea yangu ya kudai ushahidi, nikauliza, "Umejuaje kama yupo mke wa pili?"

"Ni mama yangu, Maalim."

Shahida hakuinua macho kwenye karatasi.

"Alishajitanda kanga zake, kakaa mbele ya redio anangoja kusikia jina lake ende akamuage mumewe. Hakulisikia, hakwenda. Yupo edani, hakuna aliyekuja kumpa pole." "Lakini hayo hayamo kwenye matini. Sitaki alama zake."

Kiti kiliburuzwa. Faiza alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka bila ya kuyafuta.

"Mwandishi aliliandika jina la mama yako," alisema. "Wallahi aliliandika, na lako. Shangazi Mwanamwema akamwambia afute, asilete aibu, na maiti hajatoka ndani. Mwandishi aliogopa, Shahida. Tangu siku ile halali."

Shahida alimtazama dada yake. Nikamwomba Mungu Shahida alie, wakumbatiane, yaishe. Badala yake alinigeukia mimi.

"Hayo nayo hayamo kwenye matini," alisema. "Sivyo, Maalim?"

Darasa zima likanitazama. Nilitafuta kanuni ya tatu, nikaikosa. Faiza naye alikuwa akinitazama, anangoja nimwambie kwamba kuogopa kwake kuna alama, japo moja.

"Ndivyo," nikasema.

Faiza akakaa. Shahida akaikunja karatasi yake, akarudi nyuma kwenye dawati lake. Mpaka kengele ilipolia sikuwa nimempa Shahida mkono wa pole.