Taa za Injinia

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, hapa nyumbani kwao tunapoishi anaitwa Injinia. Cheo alipewa na mama yake siku alipoizaba kofi redio iliyonyamaza, ikaanza kuongea. Tangu hapo hakuna kifaa kinachoingia humu ndani bila yeye kukitia mkono.

Humu ndani kitu hununuliwa kwa ajili ya mgeni. Sebuleni kuna makochi ambayo sisi wenyewe haturuhusiwi kuyakalia, na bafuni ndoo imetoboka, tunaiziba kwa kidole. Hayo niliyameza. Lakini safari hii ilikuwa kompyuta yangu. Timu yetu ya gemu ilikuwa imeingia fainali, na nahodha aliniambia wazi kwamba kompyuta yangu ya zamani ikinizimikia tena katikati ya mchezo, nafasi yangu anampa mwingine. Tangu niolewe, nafasi ile ndiyo kitu pekee kilichokuwa changu.

Nilichagua vifaa vya wastani vinavyoendana: prosesa na kadi ya picha zinazolingana nguvu, na pawa saplai imara ya kuzilisha umeme zote mbili. Nikaenda kazini. Mume wangu akamtuma Injinia dukani na orodha yangu.

Niliporudi jioni, saa ya fainali imekaribia, nilikuta ameshaiunga sebuleni. Kadi ya picha kubwa kama tofali, kasha lenye ubavu wa kioo, na utepe wa taa za rangi ambao waya wake aliuchomeka ukutani. Pawa saplai ilikuwa takataka, ya bei chee kuliko zote.

"Mbona hii siyo niliyosema?"

"Shemeji, hiyo inakaa chini, imefunikwa. Nani ataiona?"

"Haihitaji kuonwa. Inatakiwa itoe umeme."

Akacheka huku akimtazama mama yake. "Kadi ndiyo inayocheza gemu, shemeji. Hayo mengine mbwembwe tu."

Mbwembwe, anasema mtu aliyenunua taa za rangi. Mume wangu akakuna kichwa, maana watu wa kwao wakiongea hana kazi nyingine. "Tujaribu kwanza," akasema.

Mama mkwe aliwaita majirani, wakajaa kwenye makochi. Nikaanza kucheza, na mambo yalikwenda vizuri mpaka maadui walipotokea wote kwa pamoja. Kadi ikadai umeme wake wote, pawa saplai ikashindwa, skrini ikawa nyeusi. Nikawasha tena, ikazima tena. Simu ikalia. Alikuwa nahodha.

"Pole dada. Nimeshamwingiza mwingine."

Pembeni yangu taa zilikuwa zinaendelea, nyekundu, kijani, bluu.

"Imekufa?" jirani mmoja akauliza.

"Haijafa," akasema mama mkwe. "Si unaona inawaka?"

Nikainuka, nikajipenyeza katikati ya majirani, nikakaa kwenye kochi. Mama mkwe akanikodolea macho.

"Injinia," nikasema, "mletee mgeni maji."