Mgongo Ukutani

...na kichwa pia, anasema, kichwa nacho kiguse ukuta, visigino, matako, mabapa ya mabega, halafu kichwa, na Mamie anakisukuma nyuma lakini hakifiki, pana nafasi pale ya kupitisha ngumi nzima, shingo inawaka, ukuta una baridi inayopenya blauzi mpaka kwenye ngozi, na Papa Symphorien, kine wa hospitali, yule wa kunyoosha viungo, mtu ambaye sauti yake haijawahi kupanda, anasema, “Polepole mama, ukuta hautakimbia,” naye anaitika ndiyo papa huku macho yakiteleza kutafuta sakafu, maana sakafu ndiyo anayoijua, watu wote anawajua kwa miguu, Papa Symphorien ni sandali za kahawia zenye ukanda ulioshonwa kwa uzi mweupe, jirani yake sokoni ni kisigino kilichopasuka, na ukimwambia amtaje daktari aliyemtuma huku atakutajia viatu, viatu vyeusi vilivyong'aa, daktari aliyeitazama ile picha ya mifupa akasema mifupa ni mizuri mama, haina kitu, ganzi ya mikono inatoka kwenye mabega, unayakunja, ni namna yako ya kusimama, na Mamie nusura acheke, kana kwamba kusimama ni kitu mtu anachagua asubuhi kama kitenge, lakini hakucheka kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa tena, vidole vilevile vilivyoachia beseni la ndagala katikati ya soko, samaki wote mchangani, watu wakiruka, aka mama, unalala?... “Kidevu ndani kidogo,” anasema Papa Symphorien, “hapana, usiangalie chini, angalia mbele, na mabega, shusha mabega, yako kwenye masikio. Nani alikufundisha kubeba mabega kwenye masikio?” na Mamie anasema, “Sijui, papa,” na anajua, anajua hata uzito wa ule mkono, mkono wa mama yake nyuma ya shingo kwenye bariere ya wenye bunduki, njia ya Nyunzu, mkono mkavu wenye harufu ya muhogo, unamkandamiza, inama, mwanangu, jikunje, ukuwe mudogo, wasikuone, na yeye alikuwa msichana mrefu, wote kwao walikuwa warefu, akajikunja, mabega mbele, kifua ndani, akazeeka pale pale mstarini, lakini Adrienne hapana, dada yake Adrienne hakukunjika, hakuweza, huyo alikuwa akipandisha maji kutoka mtoni bila kushika ndoo, shingo imenyooka, anaongea, anacheka, na tone halimwagiki, mama alimvuta nguo, Adrienne, inama, naye akajibu kwa sauti ya chini, mama, nimefanya nini?... pumua, anasema Papa Symphorien, pumua mpaka chini ya mbavu, usishike pumzi, na Mamie anagundua kwamba ameishika, labda ameishika tangu siku ile, na sasa kuna hatua ukumbini, nzito, za buti, mguu mmoja unakokotwa, na sauti ya mwanamume mlangoni, “Papa kine, njo miye nafuata?” na Papa Symphorien anamjibu bila kugeuka, “Ngoja kwanza, shefu, kalisha hilo goti kwenye benchi,” basi ni askari mwenye goti baya, mgonjwa tu, anangoja zamu yake kama watu, lakini moyo hauambiwi hayo, mabega yamepanda yenyewe, yamefunga mlango, na hapo ndipo Papa Symphorien anasema, “Sasa mikono. Pandisha mikono, migongo ya mikono iguse ukuta, panda nayo juu taratibu,” hivyo tu, taratibu, anasema, lakini sikio limesikia lingine, mikono juu, mikono juu wote, ukuta, ukuta wa matofali wa shule isiyo na bati, pale kando ya bariere, walisimamishwa pale wanawake wote, jua machoni, na yeye macho chini, akiona buti zinapita mbele yao, zinasimama, zinapita, zinasimama, na kidole hakukiona, alisikia tu, wewe, na wewe, na miguu ya Adrienne ikatoka mstarini, yenye vumbi jekundu mpaka chini ya magoti, haikukimbia, haikuburuzwa, ilitembea, na hakuna aliyeiona tena, na mama usiku kucha porini alikuwa akisema, ni ile shingo, nilimwambia, ni ile shingo yake, na Mamie akaliamini neno hilo kama watu wanavyoamini sala... “Mama? Mikono inakataa?” na anajibu, “Inaogopa, papa,” na mwenyewe anashtuka kusikia alivyosema, na Papa Symphorien hasemi usiogope, anasema, “Basi ipande na woga wake, itafika tu,” na mikono inapanda, imefika usawa wa mabega, na macho hayana tena pa kwenda, sakafu imeondoka, na kwa kuwa yanatazama mbele yanaona ule mstari wote, siyo miguu, watu, anamwona mama, anamwona Adrienne, na pembeni ya Adrienne... nani huyu, amekunjwa hivi, kichwa karibu na magoti, Hélène, mke wa jirani yao, mgongo ulioliwa na jembe, hakuna katika kijiji kizima aliyekuwa ameinama kama Hélène, alikuwa akikusalimia akiwa ametazama udongo, na wewe, walisema, na Hélène akatoka mstarini akiwa ameinama, akaenda vilevile, naye pia hakurudi, Mungu wangu, Hélène, walimchukua Hélène, miaka yote hii amekuwa wapi Hélène, kwa nini hakumkumbuka, maana kama walimchukua aliyesimama na wakamchukua aliyeinama basi kuinama hakukumficha mtu, basi yeye aliachwa hivihivi, bure, buti zilipita tu, na hilo linatisha kuliko yote, ni kama alikuwa na kamba mkononi na kumbe kamba haikufungwa popote, na mama, maskini mama, alikufa kambini Katanika, chini ya turubai akiamini kwamba ni mkono wake uliomwokoa mmoja, hakuwa na kitu kingine cha kuwapa watoto wake siku ile ila mkono juu ya shingo, na Mamie naye mkono huo ameurithi, anauona sasa, kila asubuhi mlangoni, Evodie akitoka na begi la masomo, binti yake Evodie anayerefuka kama muhindi wa shambani, kila sketi inamfupia, na yeye anambonyeza hapa, nyuma ya shingo, inama kidogo, mama, usitembee kama unatafuta kuonekana, na mtoto ameanza, tayari anatembea akihesabu vidole vyake vya miguu, mwalimu aliuliza, huyu mutoto anaumwa?, na mtoto hajui kwa nini, hajui hata kwamba alikuwa na mama mkubwa, jina la Adrienne halijawahi kutamkwa ndani ya nyumba ile... “Bado kidogo,” anasema Papa Symphorien, “usishuke,” na benchi la ukumbini linalia chini ya yule askari anayekohoa, na Mamie bado anaogopa, woga haujaenda popote, lakini leo, akifika nyumbani, kabla ya kuwasha makaa, atamwita Evodie amkalishe karibu, atamwambia, ulikuwa na mama mkubwa, jina lake Adrienne, unatembea kama yeye, na siyo shingo iliyomponza, mwanangu, usikubali mtu akuambie ni shingo, hata mimi.