Bondo Lenye Vitawi

Sokoni walimwita Bibi Mawe, kwa sababu kila samaki mkoromaji aliyemnunua alimpasua kichwa kutafuta vijiwe vya sikioni.

"Wenzako wanatafuta kitoweo, wewe unatafuta kokoto!" wachuuzi walimtania.

Alikuwa mtafiti, na vijiwe hivyo ndivyo vilivyomwonyesha kwamba wakoromaji waliouzwa kwa jina moja miaka yote walikuwa aina mbili. Mmoja alipatikana kila mahali. Wa pili, mkubwa zaidi, alizaliana mlangoni mwa mto tu, na alikuwa akipungua. Hata bondo lake, kile kifuko cha hewa anachokoromea, lilikuwa tofauti: lilichipua vitawi pembeni, kama mizizi.

Mdogo wake alikuwa mnunuzi wa mabondo, ambayo yakikaushwa huuzwa ng'ambo kwa bei kubwa. Watu walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Waliishi pamoja katika nyumba waliyoachiwa na mama yao. Mmoja akichora mabondo barazani, mwingine akiyaanika kwenye chanja uani.

"Dada, unawapenda hawa samaki kuliko wanaume."

"Angalau hawakoromi kitandani kwangu."

Ili aina ile ilindwe, Bibi Mawe alichora bango: samaki wawili, mabondo mawili, na ombi kwa maandishi makubwa kwamba huyu mwenye vitawi aachwe. Likabandikwa sokoni na gatini. Kumbe amemwonyesha mwizi mlango. Matajiri wa mbali walitaka kitu adimu, na sasa kila mtu alijua kukitambua. Bei ikapaa. Mashua zikajazana mlangoni mwa mto, zikifuata mkoromo wa samaki wenyewe wakiitana. Msimu uliofuata, Bibi Mawe aliposhusha kinasa sauti majini, alisikia mchanga tu ukisuguana.

Alizunguka akiyabandua mabango kwa kucha zake. Sheria ya kumpiga marufuku samaki yule ilipita baadaye, wakati maji yamekwisha kumwagika.

Asubuhi moja afisa wa samaki aliingia maabarani kwake na gunia la mabondo makavu.

"Mwenyewe yuko nje, kwenye gari," alisema. "Anaapa ni ya yule wa kawaida. Ukisema ndivyo, tunamwachia aende zake."

Bibi Mawe akafungua gunia. Mabondo yalikuwa yamefungwa mafungu mafungu kwa uzi, na fundo lake alilijua: ndilo mama yao alilowafundisha kufungia nywele. Akainua bondo moja kwenye mwanga wa dirisha. Vitawi vilikuwa vimekatwa kwa mkasi, kwa mkono mwepesi. Yalibaki makovu madogo ambayo afisa asingeyaona hata angevaa miwani miwili.

Akachukua la pili, kisha la tatu; yote yalikuwa hivyo.

"Vipi, mama?"

"Ni yule wa marufuku," alisema. "Yote."

Kisha akatoka. Chiriku alikuwa kiti cha nyuma, kioo kimeteremshwa.

"Uliona nimekata?"

"Niliona."

"Si ungenyamaza tu, dada? Nani angejua?"

"Hawapo tena, Chiriku. Nimesikiliza mto mzima. Hawapo."

"Mimi je? Mimi nipo."

Gari likaondoka. Bibi Mawe alirudi ndani, akaketi sakafuni kati ya mitungi ya samaki, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia.

Chiriku alifungwa. Dada yake alikwenda gerezani kila siku ya kuonana, na kila mara aliambiwa mfungwa hataki mgeni. Alipotoka, Chiriku alihamia mji mwingine, akafungua duka la vitambaa. Mlangoni mwa mto, kinasa sauti hakikunasa kitu.

Mwishowe Bibi Mawe alijikaza, akafunga safari kwenda kwa mdogo wake. Alijiandaa kwa matusi. Njia nzima aliyaombea, maana mtu humtukana aliye wake.

Chiriku alifungua mlango, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema. Kwa neno hilo hawakuwahi kuamkiana tangu wazaliwe.

Akamtandikia kiti kitambaa kipya, akamletea chai kwa kikombe chenye kisahani, akamuuliza habari za safari na za kazi. Hakumtania hata kidogo. Kila alipojibiwa alisema, "Tunashukuru." Chai ilipokwisha alimsindikiza mpaka kituoni, akampa mkono, akamtakia safari njema.